Lion King: Mufasa Alisema "Usiende", Scar Ndiye Alieleza Kwa Nini

Ulishawahi kuambiwa "usiende huko", ukauliza huko kuna nini, na jibu likawa "nimesema usiende"? Kama ndiyo, basi story ya Simba na buda yake unaijua hata kama hujawahi kuicheki.

The Lion King ilitoka Juni 1994. Wengine wetu tuliiona kwa kanda, wengine kwa zile DVD za kuchomwa za movie shop, wengine kwa TV ya jirani wakati wa Krismasi. Na karibu kila mtu hulia mahali pamoja: Mufasa ameanguka korongoni, dogo anajipenyeza chini ya mkono wa babake akidhani ataamka. Ukitoka hapo unasema Scar ni mbaya, fisi ni wabaya, Mufasa alikuwa baba poa, kwisha hiyo maneno.

Ebu icheki tena ukiwa umekua, haswa kama sasa kuna mtoi anakuita baba na anakuuliza maswali kumi ukitoka job umechoka. Utaona kitu ambacho kilitupita tukiwa watoto. Scar hakuanza na makucha. Alianza na swali ambalo Mufasa aliliacha bila jibu.

ASUBUHI ILE JUU YA MWAMBA

Kumbuka mwanzo. Simba anaamsha wazazi kabla hata jua halijachomoza, vile watoto hufanya siku ya kwenda shagz. Mufasa anampandisha juu ya ule mwamba na kumwonyesha nchi yote. Kila mahali jua linapogusa ni kwetu, anamwambia, na siku moja itakuwa yako.

Dogo anatupa macho mbali, anaona sehemu yenye kivuli. Anauliza hiyo je. Mufasa anamwambia hiyo iko nje ya mpaka wetu, usiwahi kwenda huko.

Hapo tu. Hakuna "kwa sababu".

Simba anashangaa, maana alidhani mfalme anafanya anachotaka. Mufasa anamjibu kwamba ufalme ni zaidi ya kufanya unachotaka, na kutoka hapo mazungumzo yanageuka kuwa somo. Somo zuri, sikatai: vile swala anakula nyasi, simba anakula swala, simba akifa anakuwa udongo, udongo unaotesha nyasi. Lakini mtoto hakuuliza kuhusu nyasi. Aliuliza kuhusu kile kivuli. Kabla arudi kwa swali lake, yule hondohondo Zazu anakuja mbio na ripoti kwamba fisi wameingia, na Mufasa anatoka mbio kwenda kazini. Simba anataka kwenda naye, anaambiwa hapana, rudi nyumbani.

Kama baba yako alikuwa akifanya kazi Athi River ama Mombasa na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, hiyo scene huhitaji kuelezewa. Muda na mzee ni mfupi, umejaa mawaidha, halafu simu inaita.

Dogo anafika kwa Scar akiwa bado na swali lake mkononi.

"MIMI SIWEZI KUKUAMBIA"

Hapa ndipo Scar alionyesha yeye ni fundi. Simba anamwambia baba amenionyesha nchi yote na nitaitawala. Scar anauliza, kwa upole kabisa: hakukuonyesha kule nyuma ya kile kilima? Simba anasema hapana, alisema nisiende. Scar anakubali! Anasema babako ako sawa kabisa, ni hatari mno, ni simba majasiri pekee huenda huko.

Soma hiyo tena polepole. Scar hakumpinga Mufasa hata kidogo. Alichukua marufuku ya Mufasa ikiwa haina sababu, akaiwekea sababu yake. Dakika tano zilizopita ilikuwa habari ya mahali: pale pabaya, usiende. Sasa imekuwa habari ya mtoto: wewe bado mdogo, wewe si jasiri. Simba anafura hapo hapo na kusema mimi ni jasiri. Scar anajifanya anamficha kwa sababu anampenda, halafu "anateleza" mdomo na kutaja makaburi ya ndovu. Mwishoni anamwomba waiweke iwe siri yao.

Kuna kitu Kiswahili kinatuonyesha hapa ambacho Kiingereza kinakificha. Kwa Kiingereza Scar ni "uncle" tu. Kwetu ndugu mdogo wa baba ni baba mdogo. Ni baba. Neno lake lina uzito wa nyumbani, mtoto hana sababu ya kulipima mara mbili. Kwa hivyo Simba hakuingizwa boksi na mtu wa nje. Aliambiwa na baba mmoja "usiende", akaambiwa na baba mwingine sababu. Wewe ungeamini nani? Ungewaamini wote wawili, na ndivyo alivyofanya. (Na mtu mzima yeyote anayemwambia mtoto "hii ni siri yetu" anafaa kukushtua, awe wa katuni ama wa ukoo.)

MARUFUKU ZINAZOTOKA MBALI

Kama umelelewa Kasikeu, hapo Makueni, unaweza kuniambia sasa Mufasa alikosea wapi, sisi wote tulilelewa hivyo. Usivuke lami. Usikanyage mto mvua ikinyesha juu milimani. Usitembee usiku. Hakuna mtu alikaa chini akakupa maelezo, na umefika hapa ukiwa mzima.

Ni kweli. Lakini cheki marufuku hizo zilitoka wapi.

Chukua hiyo ya usiku. Reli ya zamani inayopita Sultan Hamud, ukiifuata kuelekea Nairobi unafika Kima. Hapo Juni 1900 simba alikuwa akiwawinda watu wa reli. Afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikuja na wenzake wawili kumvizia. Walilala kwenye behewa lililosimamishwa pembeni, yeye akiwa ndiye wa zamu. Usingizi ukamshinda. Simba aliingia ndani ya behewa, akamuua na kutoka naye kupitia dirishani. Lile behewa bado lipo mpaka leo, liko kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi, unaweza kwenda kuliona. Miaka miwili kabla ya hapo, 1898, simba wawili walikuwa wamesimamisha ujenzi wa daraja la Tsavo kwa kula wafanyakazi.

Kwa hivyo mtu wa kizazi hicho akimwambia mwanawe "usitoke usiku", hakuwa anapima ujasiri wa mtu. Alikuwa na picha kichwani. Shida ni kwamba vizazi vikipita picha inapotea na amri inabaki. Mjukuu anapokea "usitoke usiku" tupu, bila behewa, bila Ryall, na anaitafsiri vile anavyoweza: mzee hataki nienjoy.

Ama ya mto. Mito mingi ya Ukambani ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Watoto wanacheza humo, akina mama wanachimba visima humo, punda wanapita humo. Halafu mvua inanyesha mahali huioni, na maji yanashuka kwa mara moja. Desemba 2021 kule Mwingi, kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu ukiwa umefurika. Watu zaidi ya 30 walikufa, na watu waliokuwa kando ya mto waliona kwa macho. Mzazi aliyeona ile video hawezi kukuambia "usivuke" kwa sauti ya kawaida. Atakupigia kelele. Na wewe kijana wa miaka kumi na nne unayejua mto huo kama uwanja wako wa mpira, utasikia kelele tu.

Ndivyo ilivyo kwa Mufasa. Bila shaka alijua fisi wa kule ni wa aina gani. Mtu hawi mfalme wa simba bila kujua fisi. Katika maisha ya kweli pia fisi ni hatari kubwa kwa watoto wa simba, pamoja na nyati, na wabaya kuliko wote ni madume wageni wanaoteka kundi na kuua watoto waliowakuta. Baba simba wa porini ana sababu nyingi za kuogopa. Mufasa alikuwa nazo zote kichwani, akatoa sentensi moja.

USIKU WA NYASI

Tuseme ukweli, Mufasa alijaribu kurekebisha. Baada ya kuwaokoa Simba na Nala kule makaburini, anamtuma Zazu ampeleke Nala nyumbani, anabaki na kijana. Simba anatembea kumwendea na mguu wake unatumbukia kwenye alama ya mguu wa babake. Anatazama chini: mguu wake ni kitu kidogo katikati ya shimo kubwa. Hakuna neno linasemwa. Kwangu hiyo ndiyo picha kali kuliko zote kwenye movie, kuliko hata nyumbu.

Mufasa anamwambia amemvunja moyo, angeuawa, na amemweka Nala hatarini. Simba, sauti ikitetemeka, anasema alikuwa anajaribu kuwa jasiri kama yeye.

Hapo sasa ndipo mzee anajua alichosikia mtoto. Hajawahi kumwambia Simba kwamba kule ni mahali pa majasiri. Anashangaa, anamwambia mimi huwa jasiri ikibidi tu, ujasiri hauna maana ya kutafuta matata. Simba anamjibu: lakini wewe huogopi kitu. Na Mufasa anasema leo niliogopa. Niliogopa nitakupoteza.

Manze, hapo kama ingeishia hivyo movie ingekuwa ya nusu saa.

Lakini cheki kinachofuata. Simba anasema kumbe hata wafalme huogopa, halafu anaongeza kwamba fisi waliogopa zaidi. Mufasa anacheka. Anasema ni kwa sababu hakuna mtu hucheza na baba yako. Wanaanza kupigana mieleka kwa nyasi. Ile sentensi ya maana kuliko zote, "niliogopa", imekaa hewani kwa sekunde chache, halafu imefunikwa na mzaha wa kiume. Wababa tunajua hiyo mbinu. Unasema ukweli mara moja, moyo unauma, unaweka joke juu yake haraka.

Na hakumuuliza swali moja rahisi: nani alikuambia kuhusu makaburi?

Angeuliza hivyo tu, Simba angesema ni baba mdogo, na Scar angekuwa na maelezo ya kutoa usiku uleule. Mufasa hakuuliza kwa sababu kichwani mwake kesi ilikuwa wazi: nilikataza, akaenda, ni utundu. Yeye pia alimsoma mtoto vibaya. Alidhani ni mtoto anayevunja sheria, kumbe ni mtoto aliyejibu swali la mtu mwingine.

KUNGURUMA KWA KORONGONI

Siku ya korongo, Scar anarudi na kazi ileile. Anamweka Simba chini kwenye mwamba, anamwambia babako ana surprise yako. Kabla ya kuondoka anamchokoza: ashajua ile aibu ya fisi, kwani ni nani hajui? Bahati baba alikuwepo kukuokoa. Na kati yetu sisi wawili, huko kunguruma kwako bado ni kudogo, kafanyie mazoezi.

Simba anabaki pale akingurumia kinyonga. Mara ya kwanza sauti ni ya paka. Anajaribu tena. Mara ya mwisho inatoka vizuri, mwangwi unajaa korongo zima. Na papo hapo mawe yanaanza kutikisika, nyumbu wanamwagika kutoka juu.

Sisi watazamaji tunajua ni wale fisi watatu wamewafukuza kule juu. Simba hajui. Alichoona yeye ni hiki: nimenguruma, nyumbu wakaja. Ndiyo maana Scar akija baadaye na kumuuliza umefanya nini, mtoto hapingi. Watu wengi huuliza mbona Simba aliamini uongo mwepesi hivyo. Haukuwa mwepesi. Uliandaliwa, na ulikaa vizuri juu ya kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe.

Halafu Scar anamalizia na ile ya mama. Mamako atasema nini? Kisha kimbia, usirudi kamwe.

Hesabu sasa. Mara ya kwanza Mufasa aliacha pengo kuhusu kivuli, Scar akalijaza. Mara ya pili aliacha pengo kuhusu ujasiri, Scar akalijaza na kunguruma. Mara ya tatu Mufasa amekufa na hawezi kusema kitu, na Scar ndiye aliyebaki kueleza kifo chenyewe. Ni mtu mmoja, kila mara, anafika baada ya baba kuondoka.

NA MZEE ANATOKEA MAWINGUNI, BADO HASEMI

Hii ndiyo sehemu nitapigwa mawe, lakini acha niiseme.

Simba amekua. Anaishi na Timon na Pumbaa, anakula wadudu, maisha ni poa. Hajawaambia kilichotokea. Nala anampata, anamuuliza mbona hukurudi, anakataa kusema, anamwambia huwezi kuelewa. Miaka yote hiyo hakuna kiumbe hata kimoja kinachojua anachojibebea. Ukijua mwanaume yeyote wa umri huo, unajua hii si katuni.

Rafiki anampeleka kwenye maji, anamwonyesha sura yake, na Mufasa anatokea mawinguni. Network full bars. Sauti ni ya James Earl Jones, yule yule aliyekuwa sauti ya Darth Vader, baba mwingine wa sinema mwenye matatizo na kijana wake. Jones alifariki Septemba 2024, na sidhani kuna sauti ya baba inayojulikana zaidi duniani kuliko yake. Mwili unasisimka.

Na anasema nini? Umenisahau. Kumbuka wewe ni nani. Rudi uchukue nafasi yako.

Mzee! Mtoto amebeba kifo chako mgongoni tangu akiwa na mane ya nywele tatu. Sema tu "si wewe". Maneno mawili. Hasemi. Anatoa amri nyingine isiyo na maelezo, kama ile ya asubuhi juu ya mwamba, na mawingu yanafunga.

Kwa hivyo Simba anarudi nyumbani bado akiamini yeye ndiye muuaji. Watu husahau hilo. Hakurudi kwa sababu amejua ukweli, alirudi akiwa na hatia yake yote. Scar anamlazimisha aseme mbele ya simba wote, na anakiri. Sarabi, mamake, anamwomba aseme si kweli. Anasema ni kweli. Alichokikimbia utotoni, lile swali la mama atasema nini, amelisimamia uso kwa uso. Baadaye ndipo Scar, akimning'iniza ukingoni kama alivyomning'iniza Mufasa, anashindwa kujizuia na kumnong'oneza siri. Ukweli unatoka kwa adui, kwa sababu ya kiburi tu. Angenyamaza, Simba angekufa akiamini uongo.

Ukiniuliza, huo ndio ujasiri wenyewe kwenye hii movie: kukiri mbele ya mama. Kupigana na Scar motoni ni action tu.

TOFAUTI NA YULE SAMAKI

Kuna wasee watasema basi dawa ni baba aongee. Hapana, ngoja. Finding Nemo ya Pixar, 2003, ina baba anayeongea hadi kichwa kinauma. Marlin amempoteza mke na mayai zaidi ya mia nne siku moja, amebaki na mtoto mmoja mwenye pezi dogo upande mmoja. Kila hatari ya baharini anaitaja. Siku ya kwanza ya shule anamfuata mtoto hadi kwenye ukingo wa matumbawe na kumfokea mbele ya marafiki: unadhani unaweza kufanya haya mambo, lakini huwezi.

Nemo anamwambia baba anamchukia, na anaogelea moja kwa moja hadi kwenye boti na kuigusa. Anashikwa na mpiga mbizi.

Mkurugenzi wa hiyo movie, Andrew Stanton, amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia akitembea na mwanawe bustanini, akijikuta anamkataza hiki, anamwonya kile, hadi muda wao pamoja ukaisha bila kuwa pamoja. Basi Marlin ni yeye mwenyewe.

Mufasa hakueleza chochote, Marlin alieleza kila kitu, na watoto wote wawili walisikia sentensi moja: wewe huwezi. Ndiyo maana wote walielekea palepale walipokatazwa. Hawakuwa wanatafuta hatari, walikuwa wanatafuta cheti. Baba anazungumzia maji, gari, fisi, mto. Kijana anadhani anazungumziwa yeye.

Na kwenye ile movie ya samaki, jibu lipo wazi. Mwishoni samaki wengi wamenaswa kwenye wavu, Nemo anajua cha kufanya, lakini ni lazima aingie ndani. Marlin anakataa kwanza. Halafu anamwachilia. Hamwambii "nakuamini" kwa hotuba. Anamwacha aingie huku yeye mwenyewe akitetemeka nje ya wavu, na mtoto anaona kabisa kwamba mzee anaogopa. Mufasa hakuwahi kupata nafasi kama hiyo.

HII MOVIE NI YETU KIASI GANI?

Nimeulizwa hivi mara nyingi. Timu ya Disney ilikuja Kenya kutazama mandhari kabla ya kuchora, na Hell's Gate pale Naivasha ni mojawapo ya sehemu walizotembelea. Ukipita kwenye yale makorongo utaelewa nyumbu walitoka wapi. Majina mengi ni Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa (jina la mtu aliyepumbaa, na anastahili), Shenzi. Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo unayaona mbele yako kwenye lami ya Mombasa Road saa saba mchana ukikaribia Emali. Kwenye toleo la 2019 Shenzi aliigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Lakini ule wimbo wa kufungua unaoimba kwa madoido ukidhani ni Kiswahili cha ndani? Ni Kizulu. Na mwaka 1994 lugha ya Kiafrika iliyopata toleo lake la movie nzima ilikuwa Kizulu pia. Sisi tulitoa majina, wao wakapata sauti. Pole yetu.

SIMBA AKIWA BABA

Ukimaliza ya kwanza, tafuta ile ya 1998, Simba's Pride, ambayo haikuenda sinema, ilitoka kwa kanda moja kwa moja. Watu wanaidharau lakini kwa hii stori yetu ni lazima. Simba sasa ana binti, Kiara. Na anafanya nini asubuhi Kiara anapotaka kwenda kucheza? Anampa orodha ya makatazo. Anamwonyesha mpaka na kumwambia wale wa ng'ambo usiwakaribie. Halafu, kwa siri, anawatuma Timon na Pumbaa wamfuate nyuma wakimchunga.

Kiara anawagundua, anawakasirikia, anakimbia. Anaelekea wapi? Palepale. Huko anakutana na mtoto wa simba wa upande wa Scar anayeitwa Kovu, na mambo yanaanza upya.

Simba, ambaye anajua kuliko mtu yeyote duniani vile marufuku tupu humpeleka mtoto makaburini, amerudia maneno ya babake karibu neno kwa neno. Hata pale anapokasirika anasimama kama Mufasa, kifua mbele, kichwa juu. Kiara naye anamtazama kwa yale macho tunayoyajua, ya mtoto aliyeuliza swali na kupewa mpaka.

Iko mtandaoni, inachukua saa moja na dakika ishirini hivi. Ukiicheki na mtoi wako, isimamishe hapo kwenye mpaka umuulize anadhani kwa nini Simba amemkataza Kiara. Usimwambie wewe. Ngoja usikie atasema nini.